Paroko wa Ars na Vita vya Kila Siku

Watu wengi wasikiapo jina la Shetani hufikiri kwanza mambo ya kutisha: kishindo gizani, mlango utikisikao bila mtu, ndoto mbaya ya kumtoa mtu jasho. Hofu ya mambo hayo imewapeleka Wakristu wengi mlangoni pa mganga, hata wengine wamefunga hirizi kiunoni na rozari shingoni, wakidhani vitu hivyo viwili vyaweza kukaa pamoja katika mwili mmoja. Lakini adui wa roho zetu hana haja ya kupiga kelele kila siku. Mara nyingi hunong'ona tu, na anong'onapo huchagua maneno yenye sura njema.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya padre mmoja aliyeshambuliwa na adui huyo kwa njia zote mbili, kwa kelele na kwa kunong'ona. Padre huyo ni Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars katika nchi ya Ufaransa, ambaye Kanisa humkumbuka kila mwaka tarehe 4 Agosti. Tukiyafuata maisha yake kwa utaratibu, tutaona ni njia ipi iliyokuwa ya hatari zaidi kwake, na bila shaka ndiyo iliyo ya hatari zaidi kwetu pia.

MTOTO WA SIKU ZA HATARI

Yohane Maria alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon. Baba yake, Matthieu Vianney, na mama yake, Marie Beluse, walikuwa wakulima wenye watoto sita, naye alikuwa wa nne. Sala aliifundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma. Alipokuwa na nguvu kidogo alipewa kazi ya kuchunga, kama wafanyavyo watoto wa wakulima popote duniani.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu tu Mapinduzi makubwa ya Ufaransa yalipoanza, mwaka 1789. Baada ya muda mfupi serikali mpya iliwataka mapadre waape kuifuata sheria iliyolitenga Kanisa la Ufaransa na mamlaka ya Baba Mtakatifu. Waliokataa waliwindwa. Wengine waliuawa, wengine walifukuzwa nchini, na wengine walibaki kwa siri, wakijificha mchana na kutembea usiku ili wawape waamini sakramenti. Jamaa ya Vianney ilikuwa miongoni mwa wale waliotembea gizani kuhudhuria Misa katika mabanda ya nafaka na nyumba za watu.

Mwaka 1797, akiwa na miaka kumi na mmoja, Yohane Maria aliungama mara ya kwanza nyumbani kwao, mbele ya padre aliyekuwa mafichoni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1799, alipokea Komunyo ya kwanza huko Ecully, katika chumba cha nyumba ya mtu. Wenye nyumba waliyasogeza magari ya nyasi kavu mbele ya madirisha, ili mwanga wa mishumaa usionekane na wapita njia.

Twaomba msomaji ayashike mambo haya moyoni. Kijana huyu alijifunza dini kwa kuwatazama mapadre waliokuwa na kila sababu ya kukimbia, nao hawakukimbia. Somo hilo atalihitaji sana katika uzee wake.

NJIA NDEFU YA UPADRE

Wito wa upadre ulimjia mapema, lakini njia ilikuwa na miiba. Shule za kijijini zilikuwa zimevurugika kwa sababu ya Mapinduzi, naye alianza masomo ya kweli akiwa karibu na miaka ishirini, kwa Padre Charles Balley, paroko wa Ecully. Kilatini kilimshinda. Alikaa darasani pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, nao walishika kwa saa moja yale aliyoyahangaikia yeye siku nzima. Hapo kwa mara ya kwanza akasikia ule mnong'ono: Ya nini kujitesa? Rudi shambani kwa baba yako, ukamtumikie Mungu kwa jembe.

Tazameni jinsi wazo hilo lilivyokuwa jema kwa sura yake! Hapana dhambi katika kulima. Lakini kwa kijana huyu, kurudi nyumbani kulikuwa kuacha kazi aliyoitiwa. Padre Balley alimwonya, naye kijana mwaka 1806 akaenda kuhiji kwa miguu hata La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko Regis, akiomba chakula njiani, ili apate neema ya kujua Kilatini cha kutosha kuwa padre. Alirudi bila akili mpya, lakini alirudi na moyo wa kuendelea.

Mwaka 1809 aliandikwa askari apelekwe Hispania katika vita vya Napoleon. Aliugua, akaachwa nyuma na kikosi chake, na mwisho akajikuta katika kijiji cha milimani cha Les Noes, mahali palipojaa watoro wa jeshi. Huko alikaa zaidi ya mwaka mmoja kwa jina lisilo lake, akiwafundisha watoto. Mwaka 1810 Kaisari alitoa msamaha kwa watoro, na ndugu yake mdogo, François, akaingia jeshini kwa ajili yake. Ndipo Yohane Maria aliporudi kwenye vitabu vyake.

Mwaka 1813 aliingia Seminari Kubwa ya Lyon. Masomo yalitolewa kwa Kilatini, naye hakuweza kuwajibu walimu wake. Akaondolewa. Nani angeshangaa kama angekata tamaa siku ile? Padre Balley akamchukua tena, akamfundisha kwa lugha yake mwenyewe, akamtetea mbele ya wakubwa wa jimbo. Nao, wakipima uchaji wake kuliko sarufi yake, wakamkubali. Alipewa daraja ya upadre mjini Grenoble tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na umri wa miaka 29. Alikwenda huko peke yake, kwa miguu.

Mwanzoni hakuruhusiwa hata kuungamisha, kwa kuwa elimu yake ilitiliwa shaka. Mtu huyo ndiye ambaye baadaye nusu ya Ufaransa ilitamani kumwungamia! Mungu hupenda kuchagua vyombo ambavyo sisi tungaliviweka kando.

KIJIJI KILICHOLALA

Padre Balley alifariki mwezi Desemba 1817. Mwezi Februari 1818 Padre Vianney alitumwa Ars, kijiji chenye watu wapatao 230, kaskazini ya Lyon. Alifika kwa miguu katika ukungu, akapotea njia, na watoto wachungaji ndio waliomwonyesha kijiji kilipo.

Watu wa Ars hawakuwa adui wa dini. Walikuwa wamepoa. Dominika walilima kama siku nyingine, na jioni walikwenda kwenye vilabu vya mvinyo na ngoma za usiku. Fedha iliyopasa kununua mkate wa watoto iliishia kwa mwenye kilabu. Kanisa lilikuwapo, nao walijua njia ya kwenda, lakini mambo mengine yalikuja kwanza. Shetani hakupiga kelele hata kidogo katika kijiji kile. Ya nini kuwaamsha watu waliolala?

Paroko mpya hakuanza kwa amri, bali kwa magoti. Kabla ya alfajiri alikuwa tayari mbele ya Tabernakulo, akiomba kwa ajili ya watu waliokuwa bado wamelala. Alifunga sana. Mara nyingi alichemsha viazi vya kumtosha siku nyingi, akavila baridi hata vikaanza kuota ukungu. Godoro lake alilitoa sadaka. Aliwatembelea watu nyumbani saa walipokuwa mezani, akiuliza habari za mashamba na za watoto kabla ya kutaja habari za roho. Mahubiri yake aliyaandika usiku kwa taabu, akayakariri neno kwa neno, na mara nyingine akayasahau mimbarani mbele ya wote.

Wengine walimchukia kwa kuwa alisema wazi juu ya vilabu na ngoma. Msichana mmoja wa kijijini alipozaa nje ya ndoa, ndimi mbaya zilimtaja padre. Mlango wake ulipakwa uchafu, na usiku watu walisimama chini ya dirisha lake wakimtukana. Alifikiri kuondoka, lakini alibaki. Pole pole vilabu vikakosa wateja vikafungwa, kazi za Dominika zikakoma, na kengele ya jioni ilipolia watu wakaja kanisani kusali pamoja. Kazi hiyo haikuwa ya mwezi mmoja wala ya mwaka mmoja, ilimchukua miaka kama kumi.

Mwaka 1824 alifungua shule ya bure ya wasichana, akaiita La Providence, yaani Maongozi ya Mungu, akawakabidhi Catherine Lassagne na Benoîte Lardet, wasichana wa kijijini aliowapeleka kusoma kwanza. Baada ya muda shule ikawa pia makao ya wasichana yatima na wale waliokuwa wakiombaomba njiani. Mkate wao wa kila siku ulimtegemea yeye, naye alimtegemea Mungu.

ADUI MWENYE KELELE

Ndipo, katika majira ya baridi ya mwaka huohuo 1824, kelele zilipoanza. Usiku padre alisikia mapazia ya kitanda yakiraruliwa, milango ikigongwa, sauti uani kama za watu wengi. Kwanza alidhani ni wezi. Alimwita fundi wa magurudumu, André Verchère, kijana mwenye nguvu, aje alale nyumbani mwake na bunduki. Usiku wa manane mlango ulitikisika kwa nguvu, nyumba yote ikatetemeka. Kijana alishika bunduki, akatazama nje, asione mtu, naye hakutaka tena kulala mle. Usiku mwingine theluji ilianguka, na asubuhi haukuonekana hata unyayo mmoja kuzunguka nyumba. Hapo padre alielewa kwamba si wezi.

Mambo hayo yaliendelea zaidi ya miaka thelathini. Mapadre wenzake wengine walimcheka, wakasema kwamba njaa ndiyo inayompigia kelele kichwani, na kwamba angekula vizuri angelala vizuri. Wakati mmoja alikuwa mgeni katika parokia ya Saint-Trivier, na wenzake wakamdhihaki hivyo wakati wa chakula. Usiku nyumba nzima ilitikisika, wakatoka vyumbani wakikimbia, wakamkuta yeye ametulia kitandani mwake. Mwaka 1857 kitanda chake kiliungua chumbani wakati yeye yumo kanisani akiungamisha.

Hapa lazima tuseme neno la tahadhari. Kanisa halimlazimishi mtu kuyasadiki matukio haya kama asadikivyo Nasadiki. Hayo ni ushuhuda wa watu walioishi naye, nasi twaupokea kwa heshima na kwa busara. Jambo tulilo na hakika nalo ni namna padre alivyoyapokea. Hakuita mpunga pepo, hakutafuta dawa ya kuzuia uchawi, hakuwauliza watu ni jirani gani aliyemtumia jambo hili. Alifanya ishara ya msalaba, akamgeukia Mungu, na adui akampa jina la kijijini la mzaha, Grappin. Kisha, saa moja au mbili baada ya usiku wa manane, aliwasha taa yake akaenda kanisani kuungamisha.

Tena aligundua jambo. Kelele zilipozidi, siku ya pili yake alifika mtu aliyekaa miaka mingi katika dhambi nzito, naye akaungama. Basi tangu hapo, usiku mbaya ulipompata, padre alifurahi kama mvuvi aonaye nyavu zikivutika. Vitisho vya adui vikawa kwake habari njema.

ADUI ANONG'ONAYE

Habari za muungamishaji huyu zilienea. Kwanza walikuja watu wa vijiji vya jirani, kisha wa Lyon, mwisho wa nchi nyingine. Katika mwaka wa mwisho wa maisha yake wahujaji walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Katika stesheni ya Lyon ilibidi kuweka dirisha la pekee la kuuza tiketi za kwenda Ars. Watu walingoja siku nzima, mara nyingine siku kadhaa, wapate dakika chache magotini mbele yake. Naye alikaa katika kiti cha kitubio saa kumi na moja au kumi na mbili kwa siku wakati wa baridi, na hata saa kumi na sita wakati wa joto. Wakati wa baridi miguu yake iliganda, na wakati wa joto alikosa pumzi. Kila siku mchana, akiisha kutoka humo, aliwafundisha watu katekismu.

Wivu nao haukukosa. Baadhi ya mapadre walimwandikia Askofu Devie barua, wakisema kwamba mtu asiye na elimu hivi hafai kuongoza dhamiri za watu. Barua hiyo ilipitishwa toka mkono hata mkono, ikafika Ars. Padre Vianney aliisoma, akatia sahihi yake chini ya majina ya wengine, akaipeleka mbele. Askofu alimtetea. Kiburi ni mlango ambao Shetani huupenda kuliko yote, na siku ile aliukuta umefungwa.

Lakini ulikuwapo mlango mwingine. Unyenyekevu uleule wa padre, uliomkinga na kiburi, ulitumiwa na adui kama ngazi. Mnong'ono ulikuwa huu: Wewe ni mjinga, nawe umebeba mzigo wa roho za maelfu. Utawapotosha, na mwenyewe utapotea. Ondoka hapa, nenda mahali pa upweke, katika nyumba ya watawa, ukalilie dhambi zako kabla hujafa. Je, kuna padre gani mwema ambaye wazo hilo lisingemgusa? Sala, majuto, ukimya: hakuna neno moja ovu ndani yake. Hata hivyo matokeo yake yangekuwa nini? Kiti cha kitubio kitupu, na wakosefu waliokuja kutoka mbali wakirudi nyumbani na dhambi zao.

Mwaka 1840 aliondoka usiku peke yake. Njiani alisimama, akatafakari kama kweli hayo ni mapenzi ya Mungu, akarudi. Mwaka 1843, baada ya kuugua karibu na kufa, aliondoka tena usiku akaenda kwao Dardilly. Watu walimfuata hadi huko wakitaka kuungama. Askofu alikuwa radhi kumpa mahali pengine, lakini akiisha kusali aliona kwamba mahali pake ni Ars, na baada ya siku chache akarudi, kengele zikilia na watu wakilia pamoja nazo. Mwaka 1853 alijaribu mara ya tatu. Mara hii siri ilivuja, kengele ikapigwa usiku, wanakijiji na wahujaji wakaziba njia, na padre msaidizi wake akamnyang'anya kitabu cha sala ya makasisi ili kumchelewesha. Wahujaji walimzunguka wakimsihi asiwaache kabla hajawaungamisha. Akawatazama, akaingia kanisani, akaketi katika kiti chake. Baadaye alikiri kwamba alifanya mambo ya kitoto.

Sasa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Kelele za miaka zaidi ya thelathini hazikumwondoa padre huyu kanisani kwake hata hatua moja. Mnong'ono, tena mnong'ono wenye maneno matakatifu, ulimtoa nje njiani gizani mara tatu. Ikiwa mtakatifu alitikiswa namna hiyo na wazo lililovaa vazi jema, sisi tujihadhari namna gani?

Nini kilichomrudisha? Hakurudishwa na nguvu zake tu. Alirudishwa na utii kwa Askofu wake, na sala kabla ya kukata shauri, na sura za watu waliomhitaji. Vitu vitatu hivyo havikumjia kwa ndoto wala kwa muujiza, na vyote vitatu viko karibu na kila mmoja wetu.

MWISHO WA VITA

Mwishoni mwa mwezi Julai 1859 joto lilikuwa kali mno. Padre Vianney aliungamisha hata nguvu zikamwisha, akapelekwa kitandani, asiinuke tena. Waliokuwa naye waliona kwamba ile hofu ya hukumu, iliyomtesa maisha yake yote, ilikuwa imemwacha, na kelele za usiku nazo zilikuwa zimekwisha. Alifariki kwa amani tarehe 4 Agosti 1859, saa nane ya usiku, akiwa na umri wa miaka 73, baada ya kuitumikia parokia moja miaka 41. Baba Mtakatifu Pius X alimtangaza mwenye heri mwaka 1905, na Pius XI akamtangaza mtakatifu mwaka 1925, kisha mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko wa dunia yote. Ilipotimia miaka 150 tangu kufa kwake, Benedikto XVI alitangaza Mwaka wa Mapadre, ulioanza 2009 ukaisha 2010. Mwili wake umehifadhiwa katika basilika ya Ars, na watu wangali wakienda kuhiji huko.

NYUMBANI KWETU

Twawaandikia hasa wenye jamaa, kwa maana vita hivi havipiganwi na mapadre tu. Baba aliyechoka na madeni na manung'uniko huambiwa usiku: Nenda mjini mbali, kapumzike kidogo, utawatumia fedha ukiisha kupata. Mama ambaye hakuna anayemshukuru huambiwa kwamba kwingine angethaminiwa. Kijana huambiwa kwamba ataanza kusali maisha yakishatengenea. Katekista wa kigango cha mbali huambiwa kwamba kazi isiyo na mshahara wa maana wangeifanya wengine. Mkosefu huambiwa kwamba hastahili kuingia kanisani, basi na angoje hata atakapostahili. Na angojapo, miaka hupita. Maneno haya yote yana chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanapita bila kutiliwa shaka.

Usikiapo neno la namna hiyo, ndugu msomaji, litazame linakoelekea. Likikutoa katika wajibu uliopewa na Mungu, likikuacha pweke, likitaka ulifanye usiku bila mtu kujua, basi hata likisema habari za amani na mapumziko, usilifuate upesi. Ngoja asubuhi. Sali. Mwambie mtu mwenye busara: paroko wako, mzee wa jumuiya, mkeo au mumeo. Mnong'ono hauvumilii kusimuliwa mbele ya mtu mwingine. Kisha fanya kazi iliyo mbele yako, ndogo vyovyote iwavyo. Padre Vianney hakumshinda adui kwa tendo moja kubwa. Alimshinda kwa kurudi kila siku katika kiti kilekile cha mbao.

Na wale wanaosumbuliwa na hofu za usiku, twawaambia: fanyeni ishara ya msalaba, nyunyizeni maji ya baraka, salini rozari pamoja na watoto, na kama hofu haiishi, mwendeeni padre. Aliye mgonjwa apelekwe hospitali, maana si kila homa wala kila ndoto ni ya Shetani. Lakini msiende kwa mganga. Anayetafuta msaada wa giza ili kulifukuza giza amelikaribisha mara mbili. Hirizi na ikatwe, itupwe. Msalaba hauhitaji msaidizi.

Katika parokia nyingi padre hukaa katika kiti cha kitubio Jumamosi jioni, na mara nyingi hukaa akingoja tu. Huko Ars watu walingoja siku kadhaa wapate nafasi ile ambayo sisi twaipata kwa kutembea mwendo mfupi. Atakayesikia Jumamosi ijayo neno la kumwambia kwamba leo amechoka, aende wiki nyingine, atakuwa amekwisha kujua neno hilo latoka kwa nani. Na asimame, aende.